Mvinyo wa Rasi na vitafunio vya sikukuu: Namna ya kuonja, na mikono iliyoandaa meza

KUNA njia mbili za kunywa mvinyo. Yupo anayekunywa ili kukata kiu au kulewa, na yupo anayeonja ili kujua. Jioni ya kuonja mvinyo imekusudiwa huyu wa pili.

Katika jioni ya namna hii, wageni hupewa kiasi kidogo tu cha mvinyo wa aina tano au sita kutoka eneo moja, kila aina ikiandamana na kitafunio chake. Hapo hulinganisha kilichomo kwenye glasi na kilichomo kwenye sahani, wakajadiliana na kuulizana maswali.

Desturi hii imeenea katika miji mingi ya Afrika Mashariki, hasa Krismasi na Mwaka Mpya zinapobisha hodi. Na kwa kuwa rafu za maduka ya humu nchini zimejaa chupa kutoka Afrika Kusini, ni rahisi kwa kikundi cha marafiki kuandaa jioni nzima ya mvinyo wa eneo la Rasi ya Tumaini Jema.

Hata hivyo, anayeonja mvinyo wa Rasi bila kujua historia yake huonja nusu tu. Mvinyo huo na vitafunio vinavyoandamana nao vilitoka katika mikono ile ile: mikono ya watumwa na vizazi vyao, waliolima, wakavuna na kupika kwa ajili ya meza ambayo wao wenyewe hawakukaribishwa kuketi.

Eneo lenyewe

Mashamba ya mizabibu ya Rasi yako katika pembe ya kusini-magharibi ya Afrika Kusini, takribani nyuzi 34 kusini mwa Ikweta. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, kati ya Mei na Agosti, nao msimu wa joto huwa mkavu. Hiyo ndiyo hali ya hewa inayopendwa na mzabibu.

Dodoma, nchini Tanzania, ambako zabibu za mvinyo pia hustawi, mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu hakuna baridi kali ya kuulaza mmea. Katika Rasi, mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi, huchipua mwezi Septemba na kuvunwa mara moja tu, kati ya Januari na Aprili. Kwa hivyo, watu wanaposherehekea Krismasi, zabibu za Rasi huwa zingali zinaiva shambani.

Jua la huko ni kali, lakini joto lake hupunguzwa na mambo mawili. La kwanza ni mkondo wa maji baridi wa Benguela unaopita upande wa bahari ya Atlantiki. La pili ni upepo mkali wa kusini-mashariki ambao wenyeji huuita Daktari wa Rasi, kwa kuwa tangu jadi uliaminika kufagia uchafu na maradhi ya mji wa Cape Town.

Kila sehemu ya Rasi ina sifa yake. Constantia, iliyo kando ya Cape Town, hupata ubaridi wa bahari na husifika kwa mvinyo mweupe na ule mtamu. Stellenbosch, mji ulioanzishwa mwaka wa 1679 takribani kilomita 50 mashariki mwa Cape Town, unajulikana zaidi kwa mvinyo mwekundu wa Cabernet Sauvignon.

Kaskazini kuna Swartland, nchi kavu yenye mizabibu mikongwe inayoota kama vichaka bila kufungwa kwenye nyaya. Robertson ina udongo wa chokaa unaoifaa zabibu ya Chardonnay, ilhali bonde la Hemel-en-Aarde, karibu na mji wa pwani wa Hermanus, lina ubaridi unaoifaa Pinot Noir.

Watumwa walitangulia mvinyo

Historia ya mvinyo wa Rasi huanza na Jan van Riebeeck, aliyetia nanga huko mwezi Aprili 1652 kwa niaba ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuanzisha kituo cha kuzipa meli maji, mboga na nyama zikielekea Asia. Miche ya mizabibu ilifika mwaka wa 1655, na mnamo Februari 2, 1659, aliandika katika shajara yake akimshukuru Mungu kwamba zabibu za Rasi zilikuwa zimekamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba watumwa walitangulia mvinyo huo. Mwaka mmoja kabla, mnamo 1658, meli mbili zilizoitwa Amersfoort na Hasselt zilitia nanga katika ghuba ya Cape Town zikiwa na mamia ya mateka kutoka Angola na pwani ya Afrika Magharibi.

Kutoka wakati huo hadi mwaka wa 1808, biashara ya kuingiza watumwa iliposimamishwa na Waingereza, watu wapatao 63,000 walikuwa wamepelekwa Rasi kwa nguvu. Walitoka India, visiwa vya Indonesia, Bukini na pwani ya Afrika ya Mashariki, hasa Msumbiji. Wale wa kutoka Msumbiji waliitwa Masbiekers, na damu yao ingali katika jamii za Rasi hadi leo.

Mnamo 1685, gavana Simon van der Stel alipewa ardhi aliyoiita Constantia. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1688, walifika Waprotestanti kutoka Ufaransa waliokuwa wakikimbia mateso ya kidini. Baadhi yao walikuwa na ujuzi wa mizabibu, na bonde walilopewa likaitwa Franschhoek, yaani pembe ya Wafaransa.

Katika karne ya 18 na ya 19, mvinyo mtamu wa Constantia ulivuma kote Ulaya, hasa baada ya familia ya Cloete kulinunua shamba hilo mwaka wa 1778. Napoleon aliupelekewa alipokuwa uhamishoni katika kisiwa cha St Helena, naye mwandishi Mwingereza Jane Austen aliutaja katika riwaya yake ya kwanza, Sense and Sensibility, ya mwaka wa 1811. Sifa zilimwendea mwenye shamba, ilhali jembe, kikapu na shinikizo vilikuwa mikononi mwa mtumwa.

Utumwa ulikomeshwa kisheria mnamo Desemba 1, 1834, lakini waliokombolewa walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao kwa miaka minne zaidi kwa kisingizio cha kufunzwa kazi. Uhuru wa kweli ulifika Desemba 1, 1838. Hata hapo hawakupewa ardhi, na wengi hawakuwa na budi kurejea katika mashamba yale yale kama vibarua.

Mwaka wa 1886 kidudu kiitwacho filoksera, kinachonyonya mizizi ya mzabibu, kiligunduliwa katika Rasi na kuangamiza mashamba mengi. Dawa ilipatikana kwa kupandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya mizabibu ya Marekani, ambayo mizizi yake huvumilia kidudu hicho. Mnamo 1918 wakulima waliunda ushirika wa KWV, uliodhibiti bei na uzalishaji kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1925, Profesa Abraham Perold wa Stellenbosch alichavusha Pinot Noir kwa Cinsaut, ambayo wakati huo iliitwa Hermitage. Kutokana na ndoa hiyo ilizaliwa Pinotage, zabibu nyekundu ambayo ni mzaliwa halisi wa Afrika Kusini. Mvinyo wa kwanza kuuzwa kwa jina hilo ulikuwa wa mavuno ya 1959, ulioingia sokoni mwaka wa 1961.

Vitafunio vinavyofahamika Pwani

Msomaji wa Mombasa au Lamu akiketi kwenye meza ya Rasi atajihisi yuko nyumbani. Atakuta samoosa, ambayo ni sambusa. Atakuta atjar, ambayo ni achari. Atakuta pia sosatie, ambayo ni mishikaki iliyolowekwa katika bizari na matunda. Maneno sambusa na achari yalisafiri na wafanyabiashara wa Bahari Hindi kutoka Uajemi, yakafika pande zote za bahari hiyo.

Wapishi wa vyakula hivi walikuwa watumwa na wafungwa wa kisiasa waliotoka Asia, ambao vizazi vyao huitwa Wamalei wa Rasi. Wengi wao walikuwa Waislamu. Sheikh Yusuf wa Makassar, mwanachuoni aliyepinga utawala wa Waholanzi, alihamishiwa Rasi mwaka wa 1694. Msikiti wa Auwal katika mtaa wa Bo-Kaap, mjini Cape Town, ulianzishwa 1794, nao huhesabiwa kuwa wa kwanza nchini humo.

Chakula mashuhuri zaidi cha jamii hii ni bobotie. Hii ni nyama ya kusaga iliyoungwa kwa bizari, zabibu kavu na chatini, ikafunikwa kwa mayai yaliyopigwa na maziwa, kisha ikaokwa hadi juu pakawa na rangi ya dhahabu. Kuna pia samaki wa kukaanga anayelazwa katika siki, vitunguu na bizari, ambaye familia nyingi za Rasi, Wakristo kwa Waislamu, humla wakati wa Pasaka.

Nacho kitafunio kitamu kiitwacho koesister ni ndugu wa kaimati. Ni donge la unga lililotiwa iliki, mdalasini na viungo vinginevyo, likakaangwa, likachovywa kwenye shira na kunyunyiziwa nazi. Lisichanganywe na koeksister ya Makaburu, ambayo husukwa kama nywele na haina viungo vingi.

Hapa ndipo penye fumbo la meza ya Rasi. Vyakula vinavyooana vyema na mvinyo wa eneo hilo vilibuniwa kwa sehemu kubwa na watu ambao dini yao iliwakataza mvinyo huo. Kwa sababu hiyo, mwenyeji muungwana hununua nyama halali na hapiki chochote kwa mvinyo, ili kila mgeni aweze kula bila wasiwasi.

Kuandaa jioni

Wageni wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Chupa ya kawaida ina mililita 750, na kiasi cha kuonja ni kama mililita 50, hivyo chupa moja huwatosha watu kumi na watano. Mtu anayeonja aina sita atakuwa amepokea mililita 300, yaani sehemu mbili kwa tano za chupa nzima. Hicho si kiasi kidogo, na ndiyo sababu wajuzi huweka mezani chombo cha kutemea. Kutema katika shughuli hii si utovu wa adabu.

Mvinyo unaotoa povu huandaliwa ukiwa baridi, kati ya nyuzi 6 na 8 za Selsiasi. Mvinyo mweupe huhitaji nyuzi 8 hadi 12. Mwekundu hupendeza katika nyuzi 16 hadi 18, na kwa hivyo katika miji yenye joto kama Mombasa au Kisumu ni lazima utiwe kwenye jokofu kwa muda wa nusu saa hivi kabla ya kufunguliwa. Mwekundu ukiwa moto sana, pombe yake hupanda puani na kufunika harufu nyingine zote.

Utaratibu wa kuonja una hatua tatu. Kwanza ni kutazama rangi glasi ikiwa imeinamishwa juu ya kitambaa cheupe. Pili ni kuizungusha glasi taratibu na kunusa. Tatu ni kupiga funda dogo, kulizungusha kinywani na kupima mambo manne: utamu, uchachu, ukakasi na muda ambao ladha hudumu baada ya kumeza au kutema.

Ukakasi ndio humtatiza mgeni wa mvinyo. Ni ile hali ya ulimi kukauka na kukwaruza, kama mtu aliyeuma ndizi mbichi au bibo. Hutoka katika maganda na mbegu za zabibu, na ndiyo maana mvinyo mwekundu, ambao huchachushwa pamoja na maganda yake, una ukakasi mwingi kuliko mweupe.

Mpangilio nao una kanuni zake. Mvinyo mwepesi hutangulia mzito, mkavu hutangulia mtamu, na mweupe kwa kawaida hutangulia mwekundu. Maji ya kunywa na mkate usiotiwa kitu huwekwa karibu ili wageni wasafishe kinywa kati ya aina moja na nyingine.

Kuhusu chakula, kanuni nne zinatosha. Chumvi hupunguza makali ya uchachu na ukakasi. Mafuta na nyama hulainisha ukakasi. Pilipili huonekana kali zaidi ikikutana na mvinyo wenye pombe nyingi. Na kitu kitamu hufanya mvinyo mkavu uwe kama siki, hivyo mvinyo wa mwisho sharti uwe mtamu kuliko kitafunio chake.

Jozi sita za sikukuu

Mosi, mvinyo wa povu uitwao Cap Classique, unaochachushwa mara ya pili ndani ya chupa kama inavyofanywa Champagne nchini Ufaransa. Wa kwanza wa aina hii nchini Afrika Kusini ulitengenezwa na shamba la Simonsig, Stellenbosch, mwaka wa 1971. Huandamana na sambusa ndogo zilizotoka kwenye mafuta sasa hivi, kwa kuwa povu na uchachu wake husafisha mafuta ulimini.

Pili, Sauvignon Blanc ya Constantia, yenye harufu ya majani mabichi na matunda chachu. Hufaa kwa snoek, samaki mrefu wa maji baridi ya Rasi, aliyekaushwa kwa moshi na kupondwa pamoja na ndimu. Asiyempata snoek anaweza kutumia samaki mwingine wa moshi mwenye mafuta.

Tatu, Chenin Blanc ya Swartland. Hii ndiyo zabibu iliyopandwa kwa wingi zaidi nchini Afrika Kusini, na kwa miaka mingi wakulima waliiita Steen bila kujua kuwa ni ile ile ya bonde la Loire, Ufaransa. Ina uchachu wa kutosha na mguso wa matunda yaliyoiva, sifa zinazoiwezesha kukabiliana na bizari na zabibu kavu za bobotie. Bobotie yenyewe huokwa katika vikombe vidogo, kila mgeni na chake.

Nne, Pinotage. Mvinyo huu mwekundu una harufu ya matunda meusi, na mara nyingine ya moshi au kahawa. Wenzake ni sosatie kutoka kwenye makaa na biltong, nyama iliyokaushwa kwa hewa baada ya kupakwa siki, chumvi na mbegu za giligilani.

Tano, Cabernet Sauvignon ya Stellenbosch, yenye ukakasi mwingi kuliko wenzake wote. Hapa panahitajika nyama yenye mafuta, na Rasi hutumia mwanakondoo wa nyika ya Karoo. Katika meza ya Kenya, mbavu za mbuzi zilizochomwa polepole zitafanya kazi hiyo bila lawama.

Sita, mvinyo mtamu wa zabibu za Muscat kutoka Constantia. Mvinyo huu uliovuma zamani ulikuwa umetoweka baada ya balaa la filoksera, hadi shamba la Klein Constantia lilipoufufua kwa mavuno ya mwaka wa 1986. Huliwa pamoja na jibini yenye chumvi, lozi na aprikoti zilizokaushwa.

Koesister haikutajwa katika jozi hizi kwa sababu shira yake huushinda mvinyo wowote ule. Mahali pake ni mwishoni, pamoja na chai au kahawa, kama inavyoliwa Bo-Kaap asubuhi za Jumapili.

Deni lililo ndani ya glasi

Katika mashamba ya Rasi palikuwa na mtindo uliojulikana kama dop. Kibarua alilipwa sehemu ya ujira wake kwa mvinyo hafifu, aliomiminiwa mara kadhaa kwa siku kuanzia alfajiri. Mwenye shamba alipata faida maradufu: alijiondolea mvinyo usiouzika, na alimfunga mfanyakazi kwa mnyororo wa ulevi.

Mtindo huo ulipigwa marufuku katika karne ya 20, lakini uliendelea kwa siri katika baadhi ya mashamba hata miaka ya 1990. Madhara yake hayakuisha na sheria. Utafiti umeonyesha kuwa jamii za mashamba za Western Cape zina viwango vya juu mno, miongoni mwa vilivyo vikubwa zaidi kuwahi kurekodiwa duniani, vya watoto waliozaliwa na kasoro za mwili na akili kwa sababu mama zao walikunywa pombe wakiwa wajawazito.

Mwaka wa 2011, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyofichua makazi duni, kufukuzwa kwa wafanyakazi na kunyunyiziwa dawa za sumu bila kinga katika mashamba ya matunda na mvinyo ya jimbo hilo. Novemba 2012, wafanyakazi wa mashamba ya zabibu za kula huko De Doorns waligoma, na mgomo ukaenea katika miji mingine. Wakati huo ujira wa chini ulikuwa randi 69 kwa siku. Kuanzia Machi 1, 2013, serikali iliupandisha hadi randi 105.

Kuna upande mwingine wa habari hii. Ntsiki Biyela, aliyelelewa katika kijiji cha KwaZulu-Natal na hakuwa ameonja mvinyo kabla ya kuanza masomo yake, alipata ufadhili wa kusomea utengenezaji wa mvinyo katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, ambako masomo mengi yalifundishwa kwa Kiafrikana, lugha asiyoifahamu. Mwaka wa 2004 akawa mwanamke wa kwanza mweusi nchini humo kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo. Baadaye alianzisha kampuni yake, Aslina, iliyopewa jina la nyanya yake aliyemlea.

Kusoma chupa kabla ya kununua

Tangu mwaka wa 1973, Afrika Kusini ina sheria inayolinda asili ya mvinyo. Chupa ikitaja eneo, kwa mfano Stellenbosch, basi zabibu zote sharti ziwe zimetoka huko. Ikitaja aina ya zabibu au mwaka wa mavuno, angalau asilimia 85 ya mvinyo huo lazima iwe ya aina hiyo au ya mwaka huo.

Aidha, mnunuzi anayejali hali ya wafanyakazi anaweza kutafuta alama mbili. Moja ni ya Fairtrade, inayohakikisha kuwa sehemu ya bei huingia katika mfuko wa maendeleo ya wafanyakazi. Nyingine ni ya WIETA, shirika lililoundwa mwaka wa 2002 kukagua mazingira ya kazi katika mashamba na viwanda vya mvinyo. Alama hizi haziondoi kila dhuluma, lakini humpa mnunuzi mahali pa kuanzia na humwekea mwenye shamba jicho la kumtazama.

Wageni wasiokunywa

Meza iliyoandaliwa vyema haimbagui asiyekunywa. Maji ya zabibu yasiyochachushwa yanaweza kuonjwa kwa utaratibu ule ule wa kutazama, kunusa na kupima uchachu. Chai ya rooibos, inayotokana na kichaka kinachoota katika milima ya Cederberg kaskazini mwa Cape Town, huandamana na vitafunio vyote vya bizari, iwe moto au baridi.

Wajawazito hawafai kuonja hata kidogo, na historia ya Rasi yenyewe ni onyo la kutosha. Vile vile, sheria ya Kenya hairuhusu pombe kwa mtu aliye chini ya miaka 18. Anayeendesha gari naye ateme kila funda, au amwachie usukani asiyekunywa.

Katika Rasi, sherehe haziishi Januari mosi. Enzi za utumwa, siku ya Mwaka Mpya ilikuwa ya mabwana, nao watumwa walishinda wakiwahudumia. Siku yao ya mapumziko ilikuwa Januari 2, na hadi sasa watu wa Cape Town huiita Tweede Nuwe Jaar, yaani Mwaka Mpya wa Pili, wakiiadhimisha kwa nyimbo, ngoma na mavazi ya rangi za kung'aa.

Kikundi kinachotafuta tarehe ya jioni yake ya mvinyo wa Rasi kinaweza kuichagua siku hiyo. Itakuwa njia ya kumweka mezani, walau kwa kumbukumbu, yule aliyelima mzabibu na kukaanga sambusa. Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika Rasi hatari imekuwa nyingine: tembo lilisifiwa karne baada ya karne, naye mgema hakutajwa.